Mto Usio na Maji: Jinsi Mabwawa ya Majitaka Yanavyolinda Mito ya Dodoma



Ukipita juu ya daraja lolote jijini Dodoma mwezi Septemba, utaona mchanga mkavu chini yako. Watu hukatiza kwa miguu, mbuzi hupita, na malori huingia kupakia mchanga wa ujenzi. Mgeni anaweza kuuliza daraja lilijengwa kwa ajili gani. Mwenyeji anajua kwamba mvua ya Januari ikishuka kwa nguvu, korongo hilo hilo hujaa ukingo kwa ukingo kwa saa chache, kisha hukauka tena.

Somo hili linahusu makorongo na mito hiyo ya mchanga, na linahusu pia maji unayoyamwaga kila siku baada ya kuoga, kufua, kupika na kutumia choo. Tunataka ufahamu mambo matatu: majitaka huenda wapi, mabwawa ya kuyatibu hufanya kazi gani, na wewe unayelipia huduma hii una wajibu na haki gani.

Kwa nini mto mkavu unahitaji ulinzi zaidi

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mto hujisafisha wenyewe. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Uchafu unaooza unapoingia katika mto wenye maji mengi, vijidudu vilivyomo majini huula, na katika kuula hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji yanapoendelea kutiririka huvuta oksijeni nyingine kutoka angani, na baada ya umbali fulani mto hurudi katika hali yake.

Sasa tupige hesabu. Lita moja ya maji safi ya mto, katika joto la kwetu, huwa na miligramu 7 hadi 8 tu za oksijeni. Lita moja ya majitaka ghafi ya mjini inaweza kuhitaji miligramu 300 au zaidi za oksijeni ili uchafu wake uozeshwe. Maana yake ni kwamba lita moja ya majitaka ghafi inaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 40 hivi za maji safi. Samaki na viumbe wengine walio katika maji hayo hukosa pumzi, maji hugeuka meusi na kutoa harufu.

Hiyo ni hesabu ya mto wenye maji. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa miezi inayobaki, lita 40 za kusaidia lita moja ya majitaka hazipo. Hata lita moja haipo. Majitaka yanayoachiwa korongoni mwezi Septemba hayakutani na maji yoyote ya kuyapunguza makali. Yatakaa juu ya mchanga, yatazama, au yatasubiri mvua ya kwanza iyasombe yote kwa pamoja kuelekea kwa majirani wa chini.

Kuzama ndiko kunakotupa wasiwasi mkubwa. Mito ya mchanga ya uwanda wa kati ni milango ya maji ya ardhini. Dodoma kwa miaka mingi imetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora lililo kaskazini mwa jiji. Wataalamu waliofuatilia kina cha maji ya bonde hilo kwa zaidi ya miaka 50 wamebaini kwamba akiba ya ardhini huongezeka hasa katika misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, na kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, ukiwemo Kinyasungwe Ndogo. Hatusemi kwamba majitaka ya jiji hufika katika visima vya Mzakwe. Tunachosisitiza ni kanuni: katika nchi kavu, mchanga wa mto ni sehemu ya kisima. Wakazi wengi wa uwanda huu, mijini na vijijini, hunywa au hunywesha mifugo kutoka visima vifupi na mashimo yaliyochimbwa katika mchanga huo huo.

Kumbuka pia kwamba maji ya msimu husafiri mbali. Kinyasungwe ni sehemu ya juu ya mfumo wa mto Wami, unaopita katika mkoa wa Morogoro na kumwaga maji katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Wakazi wa Chalinze hupata maji ya bomba kutoka mto Wami. Upande wa magharibi, mto Bubu huishia katika kinamasi cha Bahi na hauna njia ya kufika baharini. Uchafu unaoingia katika bonde la namna hiyo hubaki humo.

Kwa hiyo, kazi ambayo mto wenye maji ungeifanya, mto wetu hauwezi kuifanya. Ni lazima ifanyike kabla majitaka hayajafika mtoni. Hiyo ndiyo kazi ya mabwawa.

Safari ya majitaka

Inakadiriwa kwamba sehemu nne kati ya tano za maji yanayotumika nyumbani hugeuka majitaka. Katika maeneo yenye mtandao, majitaka hutoka nyumbani kupitia chemba, huingia katika mabomba ya mtaa, kisha katika bomba kuu, na huteremka kwa nguvu ya mteremko hadi sehemu ya kutibiwa. Jijini Dodoma huduma hii hutolewa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA), na mabwawa yanayofahamika zaidi ni yale yaliyopo eneo la Swaswa.

Mabwawa ya aina hii hutumiwa katika miji mingi ya Tanzania. Sababu ni rahisi kueleweka: hayahitaji mitambo mingi wala umeme mwingi, bali yanahitaji ardhi, jua na muda. Yamepangwa kwa mfuatano ili maji yatoke bwawa moja na kuingia jingine. Hatua zake za kawaida ni hizi zifuatazo.

*Kuchuja.* Kabla ya kuingia bwawani, majitaka hupita katika nondo zilizopangwa kama wavu. Nondo hizo hunasa matambara, mifuko, chupa na taulo za kike. Mchanga nao hutuama katika mfereji maalumu.

*Bwawa la kwanza.* Hili lina kina kirefu, kwa kawaida mita 2 hadi 5, na halina oksijeni. Uchafu mzito huzama chini na kuwa tope. Vijidudu visivyohitaji hewa huula uchafu huo na kuugeuza kuwa gesi. Ndiyo maana utaona viputo vikipanda juu, na ndiyo maana mabwawa hujengwa mbali na makazi. Katika hali ya joto kama yetu, bwawa hili linaweza kuondoa zaidi ya nusu ya mzigo wa uchafu unaooza kwa siku chache tu.

*Bwawa la pili.* Hili ni pana na lina kina kifupi, mita 1 hadi 2 hivi. Rangi yake ni ya kijani kwa sababu ya mwani, yaani mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni. Vijidudu vinavyohitaji hewa huitumia oksijeni hiyo kula uchafu uliobaki, na katika kula hutoa hewa ya ukaa ambayo mwani huihitaji. Ni ushirikiano wa viumbe wawili, kila mmoja akimlisha mwenzake.

*Mabwawa ya kukamilisha.* Haya yana kina kifupi pia, na kazi yake kubwa ni kuua vimelea vya magonjwa. Mwanga wa jua, muda mrefu, na mabadiliko ya kemia ya maji yanayosababishwa na mwani hupunguza bakteria kwa kiasi kikubwa. Mayai ya minyoo, ambayo ni mazito na hayafi upesi, huzama chini katika mabwawa yote yaliyotangulia.

Kwa jumla, maji huweza kukaa katika mabwawa kwa wiki mbili, tatu au zaidi, kutegemea usanifu na wingi wa majitaka yanayoingia. Muda huo ndio dawa. Ukipunguzwa, tiba hupungua.

Jaribio dogo la nyumbani

Chukua glasi mbili za maji yenye udongo kutoka katika ndoo moja. Ya kwanza iache mezani bila kuigusa. Ya pili ikoroge kwa kijiko kila baada ya dakika kumi. Baada ya saa mbili zilinganishe. Glasi iliyotulia itakuwa imeanza kung'aa juu, na udongo umelala chini. Iliyokorogwa itabaki vilevile.

Mvua kubwa inapoingizwa katika mtandao wa majitaka, hufanya kama kijiko hicho. Hukoroga mabwawa na kuyasukuma maji yatoke kabla ya wakati wake.

Tunajuaje kwamba maji yametibiwa?

Rangi haitoshi kutoa jibu. Maji ya kijani yanaweza kuwa salama kuliko maji yanayoonekana meupe. Kwa sababu hiyo zipo Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Miongoni mwa vipimo vyake, maji yanayoachiwa katika mazingira hayapaswi kuhitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo cha siku tano. Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100 kwa lita, na kiwango cha uchachu au ubesi kiwe kati ya 6.5 na 8.5.

Rudi sasa katika hesabu yetu ya mwanzo. Majitaka yaliyohitaji miligramu 300 yakishushwa hadi 30, lita moja haitamaliza tena oksijeni ya lita 40 za mto. Itamaliza ya lita 4. Huo ndio ulinzi tunaouzungumzia, ukielezwa kwa tarakimu.

Majukumu yamegawanywa. Mamlaka ya maji huendesha mabwawa na kupima. Bodi ya maji ya bonde husika hutoa kibali cha kuachia majitaka yaliyotibiwa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) husimamia utekelezaji wa sheria ya mazingira. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hudhibiti bei na ubora wa huduma za majisafi na majitaka zinazotolewa na mamlaka za maji.

Iwapo nyumba yako haipo katika mtandao

Kaya nyingi za miji yetu hutumia vyoo vya shimo au makaro. Kaya hizo nazo ni sehemu ya somo hili. Shimo linapojaa, gari la kunyonya majitaka huja, na mzigo wake hupaswa kumwagwa katika mabwawa au sehemu nyingine iliyoidhinishwa. Gari moja likimwaga korongoni usiku, madhara yake ni makubwa kuliko ya maji ya bafuni, kwa kuwa tope la shimoni ni zito mara nyingi zaidi kuliko majitaka ya bomba.

Hapa mtumiaji ana nguvu kuliko anavyodhani. Kabla ya kukubaliana bei, uliza mambo mawili: je, gari hili limesajiliwa kutoa huduma, na mzigo utamwagwa wapi? Dai stakabadhi. Bei ya chini ajabu mara nyingi humaanisha kwamba safari ya kwenda mabwawani imeondolewa katika hesabu. Anayelipa tofauti hiyo ni jirani anayechota maji chini ya korongo.

Kama una kisima nyumbani, zingatia umbali. Mwongozo unaotumika sana ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Usiruhusu fundi akuchimbie shimo hadi likutane na maji ya ardhini, hata akikuambia kwamba halitajaa kamwe. Shimo lisilojaa ni shimo linalovujisha.

Yanayoharibu kazi ya mabwawa

Kwanza ni kuunganisha maji ya mvua katika chemba ya majitaka. Maji ya bati na ya uwani yana njia yake, nayo ni mitaro ya mvua.

Pili ni taka ngumu. Nepi, taulo za kike, matambara, mifuko na mabaki ya chakula huziba mabomba. Chemba hufurika mtaani, na majitaka hayo huteremka korongoni bila kufika bwawani hata kidogo.

Tatu ni mafuta. Mafuta ya kupikia ya migahawani hugandamana ndani ya mabomba. Mafuta machafu ya gereji hutanda juu ya bwawa na kuzuia mwanga na hewa, na mwani hushindwa kufanya kazi yake.

Nne ni kemikali kali na damu ya machinjio inayoingizwa bila kutibiwa kwanza. Vijidudu vya bwawani ni viumbe hai; sumu huviua, na mzigo uliozidi huvishinda.

Tano ni ukuaji wa mji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Bwawa lililosanifiwa kwa idadi moja ya watu haliwezi kuwatumikia karibu maradufu bila kupanuliwa, na tope la chini lisipoondolewa kila baada ya miaka kadhaa hula nafasi ya maji. Kusema kwamba mabwawa yapo hakutoshi. Ni lazima yatoshe, yasafishwe na yapimwe.

Kuhusu mboga zinazomwagiliwa kwa majitaka

Katika nchi kavu, maji yenye rutuba yanayotiririka mwaka mzima ni kishawishi kikubwa. Maji yaliyotibiwa vizuri yanaweza kuwa mali. Mjini Moshi, kwa mfano, wakulima wa mpunga wametumia maji yanayotoka katika mabwawa ya Mabogini. Mpunga, miti na malisho si sawa na mboga inayoliwa mbichi. Shirika la Afya Duniani limeshauri maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasiwe na zaidi ya yai moja la mnyoo kwa lita, kiwango ambacho majitaka ghafi hayawezi kukifikia.

Ni kosa na ni hatari kuvunja chemba au kutoboa bomba ili kumwagilia bustani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ulitukumbusha jinsi kinyesi, maji na chakula vinavyokaribiana. Unaponunua mchicha, uoshe kwa maji safi yanayotiririka na uupike uive.

Ada yako na haki zako

Mteja aliyeunganishwa katika mtandao hulipa ada ya majitaka. Ada hiyo hugharimia kuzibua mabomba, kuondoa tope, kupima maji na kukarabati mabwawa. Ukiilipa, una haki ya kupata huduma iliyokusudiwa. Chemba ikifurika mtaani kwako, fuata hatua hizi:

1. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji mara moja. Andika tarehe, saa, mahali na namba ya taarifa utakayopewa.
2. Usipohudumiwa, au usiporidhika na majibu, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka hiyo hiyo na ubaki na nakala.
3. Ukiwa bado hujaridhika, wasilisha malalamiko yako EWURA ukiambatisha nakala hizo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji linaweza kukusaidia kuyaandaa.
4. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Ukiona gari likimwaga majitaka korongoni, toa taarifa kwa serikali ya mtaa, bodi ya maji ya bonde au NEMC. Andika namba ya gari, mahali na saa. Usijaribu kulizuia mwenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini majitaka yanayoachiwa korongoni wakati wa kiangazi ni hatari kuliko yanayoingia katika mto wenye maji mengi?
2. Mwani una kazi gani katika bwawa la pili?
3. Jirani yako ameelekeza maji ya bati lake katika chemba ya majitaka. Utamweleza nini?
4. Ni maswali gani mawili utakayomuuliza mwenye gari la kunyonya majitaka?

Majibu kwa ufupi

1. Hakuna maji ya kuyapunguza makali wala oksijeni ya kuyaozesha; huzama katika mchanga unaolisha visima.
2. Hutengeneza oksijeni inayotumiwa na vijidudu vinavyokula uchafu.
3. Maji ya mvua hukoroga mabwawa na kuyasukuma majitaka yatoke kabla hayajatibiwa. Ayaelekeze katika mtaro wa mvua.
4. Je, limesajiliwa, na mzigo utamwagwa wapi?

Mvua za Desemba zitakapoanza na korongo la mtaani kwako litakapojaa, tazama rangi ya maji na sikia harufu yake. Yakiwa na rangi ya udongo wetu mwekundu, hilo ni jambo la kawaida. Yakiwa meusi na yenye harufu ya choo, ujue kuna majitaka ambayo hayakufika bwawani, na sasa unajua pa kupeleka taarifa.